Kabla ya Igizo la Alhamisi

Tiiiiii. Ndivyo ulivyolia, bila kupanda wala kushuka, mlio mmoja mwembamba kama filimbi ya mtu asiyehitaji kuvuta pumzi. Ulitoka kwenye televisheni ya Mama Eli kila jioni kabla kituo hakijafunguliwa, na kwenye kioo hapakuwa na kitu ila milia ya rangi iliyosimama wima, nyeupe, njano, kijani, nyekundu, mfano wa vitenge vilivyotundikwa dukani. Watu wengine uliwaudhi, wakawa wanapunguza sauti mpaka upite. Mimi nilikaa sakafuni, miguu nimeikunja, daftari mapajani, nikausikiliza wote. Nilijua ukikatika tu utaingia Wimbo wa Taifa, na Wimbo wa Taifa ukiisha atatokea dada mmoja aliyesuka nywele zake vizuri kuliko mtu yeyote niliyewahi kumwona, atasema habari za jioni, kisha atatusomea ratiba ya vipindi vya siku hiyo. Kazi yangu ilikuwa kuinakili ratiba ile, na sidhani kama nimewahi kupewa kazi nyingine niliyoipenda kama hiyo.

Mwezi uliopita tumemzika Mama Eli, huko huko Kibaha alikoishi, kama alivyotaka mwenyewe, ingawa kwao ni Kilimanjaro. Mimi sasa ni mtu mzima mwenye mjukuu. Nilikaa mkekani na akina mama wenzangu, nikasikiliza wasifu wa marehemu ukisomwa, na ulisomwa vizuri. Alizaliwa wapi, alisoma wapi, aliajiriwa ofisi gani kule Dar, alifunga ndoa lini, alijaliwa watoto wawili, aliimba kwaya, aliugua, akalala. Nikawa nangoja. Nilidhani watafika kwenye televisheni, maana kwangu mimi na kwa mtaa mzima wa wakati ule, huwezi kusema Mama Eli ukaacha televisheni yake. Lakini karatasi ikakunjwa, tukaombwa tusimame. Simlaumu aliyeiandika. Karatasi ilikuwa moja, jua lilikuwa kali, na mwandishi mwenyewe nadhani hakuwa amezaliwa. Ila tangu siku hiyo ule mlio umerudi masikioni mwangu, nami nimeona nisipouandika mwaka ule nilioishi kwake mimi, nani atauandika?

Nilikuwa na miaka kumi na saba. Nilikuwa nimemaliza darasa la saba kule kwetu Vihingo, jina langu halikutoka kwenye orodha ya waliochaguliwa, nikakaa nyumbani nikilima na kuota ndoto, mpaka nikapata kazi ya nyumbani kwa Mama Eli. Nilifika na mfuko mmoja na kanga mbili. Siku ya kwanza hakunionyesha jiko wala bomba. Alinikalisha sebuleni, kwenye kochi lenye vitambaa vya kudarizi ambavyo niliogopa kuviegemea, akanionyesha kabati. Lilikuwa la mninga, limetengenezwa na seremala wa Maili Moja kwa kipimo cha televisheni yenyewe, lina milango miwili na kufuli dogo la shaba. Ufunguo ulining'inia kwenye msumari nyuma ya kalenda. Nilidhani ananionyesha nisichotakiwa kugusa, kama ilivyokuwa kwenye nyumba nyingi. Kumbe alikuwa ananikabidhi. Yeye alitoka alfajiri kuwahi basi la Dar, akarudi saa moja ya jioni viatu mkononi, kwa hiyo hakuwahi kuona kituo kikifunguliwa. Akaniambia kila siku saa kumi na moja nifungue milango, niwashe, nisikilize, niandike vipindi vyote na saa zake kwa herufi kubwa, kisha nikabandike karatasi dirishani upande wa barabara. "Watu wajue wanakuja kuona nini," alisema. "Usimwite mtu ukamkalisha kwa bahati nasibu."

Basi hiyo ikawa desturi ya mtaa wetu. Watu wanapita na ndoo, na fimbo za ng'ombe, na mafaili ya ofisini kwapani, wanasimama dirishani kusoma. Wasiojua kusoma waliniuliza: Dada Mwana, leo kuna nini? Nami nilisimama mlangoni nikawasomea. Saa kumi na moja na dakika tano, katuni. Saa kumi na mbili, kipindi cha watoto. Saa kumi na mbili na nusu, mkulima wa kisasa. Saa mbili kamili, taarifa ya habari. Na kila Alhamisi, mara tu habari zikiisha, igizo. Hilo igizo la Alhamisi lilikuwa na mke mwenye subira na mume asiyestahili, na Bi Zena aliyeuza maandazi pembeni ya stendi alikuwa akianza kumlilia yule mke tangu Jumatano.

Nilipenda jinsi yule dada wa kwenye televisheni alivyosoma, nikawa namwiga. Nilisoma kila kilichokuwa na maandishi: pakiti ya sabuni, kopo la mafuta, barua ya shule ya Eli. Jioni moja Mama Eli alinikuta jikoni nikisoma maelezo ya dawa ya mende kwa sauti ya taarifa ya habari. Nilitaka kufa kwa aibu. Yeye aliweka viatu chini, akaegemea mlango, akaniambia nianze tena, kwa kuwa pale katikati nilikimbia. "Msomaji wa habari hakimbii," alisema. "Anasoma kama mtu anayejua kwamba wanaomsikiliza wameacha shughuli zao." Nikaanza tena. Akanisahihisha, nikaanza tena, mpaka ugali ukaungua, na akaula hivyo hivyo. Naandika haya na bado namwona, mwanamke mchovu aliyesimama kwenye basi kutoka Dar, anamfundisha msichana wake wa kazi kusoma dawa ya mende. Hakuniuliza nitakwenda kuisoma wapi.

Ugali wenyewe uliliwa saa moja na nusu, mapema, sababu nyumba ile ilikuwa na sheria zake. Habari haziliwi na ugali. Sahani zote ziwe zimeoshwa, watoto wamekaa mbele, miguu imenawishwa kwenye karai nililoliweka barazani. Majirani waliingia na vigoda vyao. Baba Shukuru alikuja na kigoda cha miguu mitatu alichokichonga mwenyewe. Huyu alikuwa Mnyamwezi, akifanya kazi kwenye mitambo ya maji kule Ruvu, na kwa kuwa Mnyamwezi na Mzaramo ni watani, haikupita siku bila kunichokoza. Akiona vumbi barabarani atasema Wazaramo wamegoma kucheza ngoma ya mvua. Nami nilimjibu kwamba Mnyamwezi, kwa upagazi wake, akiona maji haulizi kama yananyweka, anauliza mzigo unapelekwa wapi. Watu walicheka, kisha saa mbili ikigonga, kimya. Mama Eli alitazama saa yake ya mkononi, akaisogeza nusu dakika iendane na saa ya kwenye kioo, na kuanzia hapo hata mtoto aliyetaka kukohoa alitoka nje. Na milango ya kabati haikufungwa kabla ya ratiba kwisha, hata wageni wabaki wawili tu, hata yeye mwenyewe awe anasinzia. Ratiba tumeibandika dirishani, alikuwa akisema, sasa ni ahadi.

Leo mwanangu ana vituo zaidi ya mia kwenye simu yake na anatazama anachotaka saa anayotaka, mara nyingi akiwa chooni. Sisemi ni vibaya. Ningekuwa mimi mwaka ule na simu hiyo, ningeitumia vivyo hivyo. Nasema tu kwamba kuna utamu mtu hawezi kuujua kama hajawahi kungoja kitu kimoja pamoja na watu ishirini, wote mmenawa miguu.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Sikukuu ya Idi nilipewa siku tatu niende nyumbani. Nilipita Mlandizi, nikapanda lori lililokuwa likifuata mkaa, nikashuka njia panda na kutembea kilichobaki. Nilimkuta bibi yangu, Bibi Siwema, amevaa kanga mpya na kijiji kizima kiko mbioni. Wageni wa televisheni walikuwa wanakuja kupiga picha kisima. Kisima hicho walikichimba wanawake. Bibi ndiye aliyeonyesha mahali, kwa kuangalia mkuyu ulivyoinamia na mchwa walivyojenga, na wanaume wakasema pale hakuna maji, pale kuna mawe tu. Aliyemwamini alikuwa mmoja, shoga yake tangu utotoni, Bi Tatu binti Kondo. Ndiye aliyepiga jembe la kwanza. Walichimba wawili hao kwa wiki nzima kabla wanawake wengine hawajaona haya na kuja na ndoo zao. Walipofika pima ya tano, bado pakavu, Bi Tatu akaugua kifua na kufa. Pima ya saba, maji. Bi Tatu hakuyaonja, na hakuacha mtoto. Kwetu mtu asiye na mtoto jina lake linabebwa na shoga yake, na Bibi alikuwa ameapa mbele ya kaburi kwamba likipatikana baraza kubwa la watu, jina la Tatu litatajwa hapo. Basi aliposikia kwamba watu wa nchi nzima watatazama, akajua baraza lake limepatikana.

Walikuja wawili, mwandishi kijana mwenye adabu na mpiga picha aliyebeba kamera begani kama gunia la mpunga. Nilifurahi mpaka nikasahau kuwakaribisha maji. Mwandishi alimsimamisha Bibi kando ya kisima, akamwambia aeleze kwa kifupi kisima kimepatikanaje. Sasa kwetu kazi haielezwi hivyo. Huwezi kuisifu kazi kabla hujawasalimia waliopo na kuwataja waliotangulia, vinginevyo unaonekana mwizi wa jasho la watu. Kwa hiyo Bibi alianza kwa kuwaamkia wazee wote wa nchi popote walipo. Akamtaja mume wake, yaani babu yangu, na baba wa babu yangu aliyefungua msitu ule. Akataja mkuyu. Akamtaja mama aliyemfundisha habari za mchwa. Nilimwona mpiga picha anageuza shingo kumtazama mwenzake, na mwenzake anamwashiria aendelee tu. Ndipo, mwishoni kabisa, Bibi akanyoosha mgongo na kusema jina, Tatu binti Kondo, mara mbili, polepole, akieleza jembe na kifua na pima ya tano. Aliposema "nimemaliza, baba zangu," mwandishi alimshukuru kwa mikono miwili. Nikamkimbilia kumuuliza itatoka lini. Akasema tuangalie taarifa ya saa mbili, wiki ijayo, siku yenyewe haijui.

Bibi alinisindikiza mpaka njia panda. Kwa utani wetu wa bibi na mjukuu alikuwa akiniita mke mwenza, lakini siku hiyo aliniita kwa jina.

"Mwanaidi. Mimi huko siwezi kufika, mguu huu haunipeleki. Utasikiliza kwa masikio yangu. Ukisikia limetajwa, uje uniambie, ili na mimi nikamwambie mwenyewe."

Nikamwambia nitasikiliza, Bibi. Sijawahi kubeba mzigo mzito kama ule, na mikono yangu ilikuwa mitupu.

Wiki ile sikula vizuri. Mama Eli nilimweleza yote, naye akaeleza majirani, na mtaa mzima ukawa unamngoja bibi yake Mwana. Jumapili, hakuna. Jumatatu, hakuna. Jumanne umeme ulikatika saa moja na robo, nikakaa gizani nikiomba kwa dua zote nilizozijua, ukarudi dakika tatu kabla ya saa mbili, na bado hakuna. Baba Shukuru akasema labda kisima chenyewe kimekwenda kwa miguu mpaka studio na bado kiko njiani. Jumatano, baada ya habari za bunge na za mafuriko ya mahali fulani, msomaji aligeuza karatasi na kusema kwamba wananchi wa kijiji kimoja wilayani Kisarawe wamechimba kisima kwa nguvu zao wenyewe. Ikatokea ndoo ikipanda, maji yakimwagika, yanameta. Ikatokea miguu ya watoto. Akatokea Bibi, kanga yake mpya, mdomo unachezacheza, mkono umeinuliwa, na juu ya mdomo wake ikaendelea sauti ya msomaji ikisema wananchi wametakiwa kuiga mfano huo. Kisha mpira wa miguu. Niseme Bibi alionekana kwa muda wa kumeza mate mara mbili.

Sebule ililipuka kwa makofi. Bi Zena alinikumbatia, watoto wakaimba jina langu, Baba Shukuru akatangaza kwamba amemposa bibi na mahari ataleta Ijumaa. Wote walikuwa wamemwona, na kweli alipendeza. Mimi nilitabasamu mpaka mpira ukaisha, kisha nikaenda jikoni nikaosha sahani ambazo zilikuwa zimekwisha kuoshwa.

Mama Eli alinifuata. Alichukua kitambaa akaanza kukausha.

"Walilikata jina," akasema.

"Walilikata, Mama."

"Taarifa nzima ni nusu saa, na nchi hii ni kubwa. Sidhani kama walikusudia ubaya."

"Najua."

"Sasa bibi utamwambia nini?"

Nikasema nitamwambia limetajwa. Ni mtu mzima, mguu unamuuma, hatafika popote penye televisheni, hakuna atakayemwambia vingine. Nitamwambia limetajwa na msomaji mwenyewe, mara mbili, polepole. Nilikuwa nimekwisha kuyapanga yote, hata sauti. Mama Eli hakunikaripia. Alikausha sahani, akaiweka, akachukua nyingine. Mwishowe akasema Bibi alinituma nikasikilize, hakunituma nikatunge, na akaenda kulala. Mimi nililala nimemkasirikia, maana niliona ni rahisi kusema ukweli ukiwa huna bibi Vihingo.

Kesho yake ilikuwa Alhamisi. Nilifungua kabati saa kumi na moja, nikausikiliza mlio, nikanakili ratiba, nikaibandika. Mama Eli aliporudi aliisoma dirishani kama kila siku, kisha akaomba kalamu. Kati ya taarifa ya habari na igizo aliandika mstari mmoja kwa mwandiko wake wa ofisini: Habari kutoka Vihingo, msomaji Mwanaidi. Akaniambia nikae niandike, nisizidishe ukurasa mmoja, na nikimaliza nimsomee. Nikaandika, akanikatia maneno, nikaandika tena. Tulikula ugali na mlenda ukiwa umepoa.

Saa mbili ilipita kimya kama kawaida. Habari zilipokwisha, muziki wa igizo ukaanza, Bi Zena akafungua kitambaa chake cha machozi, na Mama Eli akainuka, akafunga milango ya kabati. Hakuzima. Muziki ulisikika ndani, umezibwa, kama watu wanaoongea chumba cha pili. Bi Zena aliuliza kwa upole kama kuna msiba. Baba Shukuru akasema, mama, leo ni Alhamisi. Mama Eli akawajibu kwamba anajua ni Alhamisi, na kwamba ratiba iko dirishani, aliyepita bila kuisoma ni shauri yake. Kisha akakaa chini mbele, sakafuni, pamoja na watoto, akatazama saa yake.

Nikasimama mbele ya kabati. Nikakumbuka kwamba wanaonisikiliza wameacha shughuli zao. Nikasoma.

"Habari za jioni. Hii ni habari kutoka Vihingo, wilayani Kisarawe. Kisima kilichochimbwa na wanawake kwa majembe na ndoo kimetoa maji katika pima ya saba. Mahali palionyeshwa na Bibi Siwema. Aliyepiga jembe la kwanza ni Bi Tatu binti Kondo. Wengine walisema hapana maji, yeye alichimba. Alifariki kisima kikiwa pima ya tano, kikavu. Hakuacha mtoto. Jina lake ni Tatu binti Kondo. Maji ya kisima hicho ni matamu, na yanatosha. Mwisho wa habari."

Hakuna aliyepiga makofi, nami nilishukuru. Bi Zena alikuwa analia, na safari hii si kwa ajili ya yule mke. Baba Shukuru aliinama, mikono kati ya magoti, na nilijiandaa kwa utani wake. Hakutania. Aliniuliza bibi alijuaje kwamba pale pana maji. Nikamweleza habari za mkuyu na mchwa. Akatikisa kichwa muda mrefu. "Sisi Ruvu tuna mashine," akasema, "na bado tunakosea." Mama Eli akainuka, akafungua milango. Yule mke wa kwenye igizo alikuwa tayari yuko barabarani na sanduku lake, amemwacha mume, na hakuna hata mmoja wetu aliyejua imekuwaje. Mpaka leo sijui.

Jumapili niliomba ruhusa, nikaenda Vihingo. Bibi alikuwa barazani anachambua kisamvu. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akauliza habari za safari, za mwajiri wangu, za watoto, moja baada ya nyingine, wala hakuruka hata moja, na mikono yake haikuacha majani. Nikamwambia kila kitu. Nikamwambia alionekana na alipendeza, na kwamba amepata mchumba Mnyamwezi. Nikamwambia sauti yake haikusikika, na jina halikutajwa. Mikono ikasimama. Nikaharakisha kumwambia ya Alhamisi, nikiogopa macho yake.

"Huyo mama," akasema, "alilifunga kabati lake?"

"Alilifunga, Bibi. Na igizo lilikuwa linaanza."

"Watu walikuwa wamekaa chini?"

"Wamekaa. Na yeye alikaa sakafuni."

"Walinyamaza?"

"Walinyamaza mpaka mwisho."

"Uliwasalimia kwanza?"

"Niliwasalimia."

Akarudi kwenye majani yake. "Basi limetajwa, mke mwenza," akasema. Alasiri ile alichukua fimbo yake na kata ya maji, akaenda makaburini, hakutaka nimsindikize. Asubuhi alinipa chupa ya maji ya kisima nimpelekee Mama Eli. Mama Eli alikuwa mtu wa kuchemsha maji, alichemsha hata ya kunawia mtoto. Nilimpa chupa akiwa ndiyo kwanza anaingia kutoka Dar, viatu mkononi. Alimimina glasi iliyojaa, akainywa yote amesimama pale pale mlangoni, akasema ni matamu kweli, kisha akaniuliza leo kuna vipindi gani.

Sikuwa msomaji wa habari. Niliolewa, nikaja kuuza vitambaa Mlandizi, na bado niko hapo. Ila nikiitwa kusoma risala kwenye harusi au kikao cha mtaa, watu huuliza huyu mama alisomea wapi, nami huwaambia nilisomea Kibaha.

Siku ya mazishi, watu walipokwenda nyuma kula, niliingia sebuleni kutafuta mkoba wangu. Ukutani kuna televisheni nyembamba, kubwa kama mlango, ilikuwa imefunikwa shuka kwa ajili ya msiba. Kabati la mninga liko kwenye kona yake ya zamani, limefungwa. Kalenda ni ya mwaka huu. Niliinua pembe yake, na msumari ulikuwepo, na ufunguo ulikuwepo. Ndani walikuwa wamepanga glasi za wageni na picha ya Eli ya kipaimara. Nilifungua milango yote miwili mpaka mwisho, kama tulivyofanya saa kumi na moja. Nikasimama pale mbele, nikasema habari za jioni, nikalisema jina lote la Mama Eli, la ubatizo, la baba yake na la ukoo, polepole, bila kukimbia. Kisha nikarudisha ufunguo kwenye msumari, milango nikaiacha wazi, nikaenda kuosha vyombo.